Kidonda cha Shangazi Safarini

Jumatatu, 3 Machi

Tumeondoka. Mvua imeanza alfajiri na imetusindikiza hadi kituo cha basi. Mimi nimebeba begi la sampuli za sare, begi langu mwenyewe, na mfuko wa vifaa vya Shangazi: glavu, gozi za shashi, plasta, chupa za maji ya dripu ya kuoshea kidonda. Shangazi amebeba mkoba wake mdogo na mdomo wake.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa nikimwambia mtu nitaonekana mbaya. Sikutaka kuja naye. Alipasuliwa ngiri mwaka jana, mshono ukafumuka, na tangu hapo tumboni pamebaki shimo linaloingia kidole kizima. Daktari alisema kidonda hakishonwi tena, kitajijaza nyama chenyewe kutoka chini kwenda juu, kidogo kidogo. Kila siku kisafishwe na kijazwe gozi iliyoloweshwa. Kutembea anaweza, kusafiri anaweza. Kinachotakiwa ni usafi na subira. Kaka yangu alimkaribisha kwake, halafu baada ya muda akanipigia simu kusema mke wake hali chakula vizuri kwa sababu ya harufu. Na mimi miezi ya mvua sikai nyumbani. Kampuni inanituma mji hadi mji kupima wafanyakazi wa hoteli, shule na hospitali ili washonewe sare.

"Basi tutakwenda wote kupima watu," Shangazi alisema, kana kwamba amealikwa. "Nimechoka kuangalia dari."

Ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki. Ndiye aliyenifundisha kushika tepu ya kupimia. Ningesema nini?

Basi lilikuwa halijatoka kituoni alipomgeukia mama wa kiti cha pili. "Mwenzangu, ukisikia harufu usishangae, ni mimi. Nina tundu tumboni. Nimepata mpangaji, kodi halipi na kuhama hataki." Yule mama akacheka mpaka akashika kiti cha mbele. Tulipofika kituo cha kwanza walikuwa wanakula njugu kwenye karatasi moja.

Mimi nilikuwa naangalia dirishani. Vioo vilikuwa na ukungu, hakukuwa na cha kuona.

Jumatano, 5 Machi

Nimepima walimu wa shule moja ya bweni, wanaume kwa wanawake. Mikono juu, vuta pumzi, toa. Watu wote hubana tumbo wakipimwa, hata wembamba.

Niliporudi gesti nikakuta mhudumu wa mapokezi, mpishi na mfagiaji wote wanajua habari za mpangaji. Shangazi ameletewa ndoo yake mwenyewe, kiti cha mgongo na mto wa pili. Mimi nimelala hapa mara ngapi, sijawahi kupewa mto wa pili.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Nimesafisha kidonda asubuhi. Huwa nafanya haraka, nimebana pumzi, macho yangu ukutani kadiri inavyowezekana.

"Sindano," ameniita. Ni jina alilonipa utotoni kwa wembamba wangu. "Kidonda kiko huku. Huko ni ukuta."

Jumatano, 12 Machi

Leo nimetamani ardhi ipasuke. Nilikuwa jikoni kwenye hospitali ya mji huu, napima wapishi, na Shangazi amekaa kwenye benchi ananisubiri. Mpishi mmoja akasema naye alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Nilipogeuka, Shangazi alikuwa ameshapandisha blauzi yake, amefungua plasta pembeni, na wapishi wameinama wote kama wanaoonja mchuzi. Mmoja alikuwa bado na mwiko mkononi.

Tuliporudi nilishindwa kunyamaza. "Shangazi, mambo mengine ni ya chumbani."

"Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Usiyafiche. Lakini usiyatangaze pia."

Akaweka mkoba wake chini. "Hapo katikati ni wapi? Nionyeshe nikakae." Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria yule msimamizi wa jikoni, alivyofungua dirisha bila kusema neno, halafu akaniangalia mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Tumeelekea kusini. Tope njia nzima.

Jumatano, 19 Machi

Naandika kwa sababu sitaweza kulala.

Gesti tuliyofikia ilivuja, tukaondoka asubuhi na mizigo yetu yote. Basi letu lilikuwa la jioni, na mimi nilikuwa na miadi kwenye hoteli kubwa ya mji huu, ile ambayo bosi amekuwa akinipigia simu kuhusu hiyo tu tangu tulipoondoka. Sikuwa na pa kumwacha Shangazi. Nikaingia naye. Nikamketisha kwenye sofa nyeupe ya ukumbi wa mapokezi, kwenye kona, nikamwomba atulie. Alitandika kitambaa chake kwanza ndipo akakaa. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza, lakini nilikuwa nimeona. Safari ya asubuhi, kuruka madimbwi, kupanda ngazi, vyote vimemchosha, na kidonda kilikuwa kimelowesha plasta. Kwenye blauzi palikuwa na doa la rangi ya chai.

Meneja akashuka. Mtu nadhifu, kijana kuliko nilivyotarajia, anayenyoosha mkono wa salamu huku akikutazama machoni. Nikamfungulia sampuli mezani. Akashika kitambaa, akauliza kama kinachuja rangi, maswali ya mtu anayejua anachotaka. Nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa najisikia kama mimi.

Halafu nikaona pua yake. Ilicheza kidogo tu. Akatazama maua, akatazama zulia, mwisho akatazama kona.

"Yule mama pale," akasema kwa sauti ya chini, "ni wa kwako?"

Shangazi alikuwa ameshatuona tukimtazama. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Namjua, alikuwa ameshafungua mdomo kumweleza habari za mpangaji.

"Hapana," nikasema. "Ni abiria mwenzangu tu. Tulishuka basi moja. Anangoja mvua ipungue."

Ukumbi ule una sakafu ya marumaru, sauti haipotei. Mdomo wa Shangazi ukafungika. Haukufungika kwa hasira. Ulifungika kama mtu anavyofunga mlango taratibu akigundua kuwa ndani kuna mtu amelala.

Akasimama. Akakunja kitambaa chake, upande wa doa ukaingia ndani. "Ni kweli, baba," akamwambia meneja. "Tulikutana njiani. Dada huyu alinisaidia mzigo tu, Mungu ambariki. Mimi nakwenda kungoja nje, hapa kiyoyozi kikali."

Akatoka, akaenda kukaa na walinzi kibarazani. Mimi nikapima wahudumu wa hoteli ile mmoja baada ya mwingine, shingo, kifua, kiuno, urefu wa mkono, mpaka alasiri. Nimerudia kuangalia vipimo vyote sasa hivi. Viko sawa. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nilipotoka nilikuta mlinzi amempa koti lake. Shangazi akachukua mfuko wake wa vifaa mwenyewe.

"Umepata kazi?"

"Nimepata."

"Mungu mkubwa. Yule meneja kapendeza. Ila kola ya shati lake wameikata vibaya, umeona? Inamvuta kushoto."

Nilingoja aseme jambo jingine. Akatangulia kituoni.

Alhamisi, 20 Machi

Jana jioni ndani ya basi alipita kiti changu akaenda kukaa nyuma, na kando yangu palikuwa wazi. "Abiria mwenzangu anapenda nafasi," aliniambia, akacheka. Na mimi nikacheka. Kicheko kimenikwama kama mwiba wa samaki.

Jumatatu, 24 Machi

Anaendelea. Si kwa kunikomoa, ningejua. Shangazi akimkomoa mtu huimba. Huku ni kama kazi aliyopewa na anataka kuifanya vizuri. Mapokezini anasema, "Tumekutana njiani, tunachangia chumba." Mbele za watu haniiti Sindano, ananiita dada. Nikiwa kazini anabaki chumbani, mlango umefungwa. Hakuna anayejua habari za mpangaji kwenye mji huu. Hakuna ndoo, hakuna mto wa pili.

Nilichokitaka nimekipata, na hakilambiki.

Mara mbili nimefungua mdomo kumwomba radhi. Mara zote mbili ameniwahi na kichekesho.

Ijumaa, 28 Machi

Anajisafisha kidonda mwenyewe sasa, bafuni, kwa kutumia kioo changu cha mkononi. "Nimeshajua," amesema. "Wewe wahi kazini."

Ningekataa. Mtu mwenye moyo angekataa. Nimesema haya, Shangazi, nikarudi kulala kidogo, na usingizi wenyewe ulikuwa mtamu.

Jumatano, 2 Aprili

Mto umechukua daraja. Tumekwama kwenye mji wenye barabara moja. Mwenye gesti, mama mnene asiyevua ndala zake hata mvua ikinyesha ndani, anasema tusubiri, kila mwaka ni hivi. Maji ya bomba yanatoka rangi ya kahawa ya maziwa.

Shangazi hakula chakula cha jioni. Amesema ameshiba mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi hakuamka kwenda bafuni. Nikamwita, akaitika kama mtu aliye chumba cha pili. Nikamshika paji la uso, nikaondoa mkono kama niliyegusa pasi.

Nikafunua shuka. Harufu ile ambayo nimeikimbia safari nzima ilinikuta imesimama. Juu ya kidonda hapakuwa na gozi, palikuwa na kipande cha gamisi yake ya ndani, kimechanwa vizuri, pindo limekunjwa kishonaji. Nikafungua mfuko wa vifaa. Gozi ziliisha. Maji ya dripu yaliisha. Sijui ziliisha lini. Mimi ndiye niliyekuwa nikizinunua kila mji, na tangu alipoanza kujisafisha sijauliza hata mara moja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi nyingi," amesema. Meno yalikuwa yanagongana.

Mwenye gesti alipoona hali hakuuliza kitu. Alimwita mtu mwenye mkokoteni wa kubebea saruji, akatandika godoro lake mwenyewe, na tukamsukuma Shangazi kwenye matope hadi kituo cha afya, mimi nimemshikia mwavuli ambao upepo uliupindua mara kwa mara. Watu walitoka milangoni kutazama. Na nitaandika hili pia: hata wakati ule nilikuwa naona haya. Shangazi anaungua kwa homa, na mimi najiuliza watu wanaonaje viatu vyangu na mkokoteni wa saruji.

Daktari yuko ng'ambo ya mto. Yupo nesi mmoja, mtu mzima, miwani imefungwa na uzi. Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi.

"Wewe ni nani wake?"

Kabla sijajibu, Shangazi akajibu, amefumba macho. "Abiria mwenzangu tu. Alinisaidia mzigo. Mwache aende, binti wa watu, ana kazi."

Hakuwa ananifanyia mzaha. Homa ile haikumwachia nafasi ya mzaha. Alikuwa ananifunika, kama alivyokuwa akinifunika shuka nilipokuwa mdogo, akidhani nimelala.

"Basi asiye ndugu angoje nje," nesi akasema, akafunga mlango.

Nilisimama mbele ya mlango ule. Mwenye gesti alikuwa nyuma yangu, na mtu wa mkokoteni, na wagonjwa wengine kwenye mabenchi, wote wamenikodolea macho. Nikausukuma.

"Ni shangazi yangu," nikasema. "Amenilea. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo. Nilimkana mbele ya watu kwa sababu ya harufu, na yeye..."

"Sijakuuliza hayo," nesi akasema. "Nawa mikono mpaka kwenye viwiko, uje ushike tochi. Umeme hakuna."

Nikanawa. Nikashika tochi. Na safari hii ukuta haukunisaidia, kwa maana mahali nilipoangalia ndipo mwanga ulipokwenda, na mwanga ulitakiwa ndani. Nesi alisema usaha umejificha pembeni, kuna mfuko, lazima aufungue. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo. Shangazi akafumbua macho akaniona.

"Sindano," akasema. "Mpangaji ameleta ndugu zake."

Halafu nesi akaingiza mkasi, na Shangazi hakutania tena. Hakupiga kelele pia. Alishika upindo wa gauni langu akauzungusha kwenye ngumi mpaka nikasikia mshono unaachia.

Nesi amesema homa ikishuka kufikia kesho, tutakuwa tumepona wote. Isiposhuka, hana la kuongeza, na mto haupitiki.

Ijumaa, 4 Aprili

Haijashuka.

Jumamosi, 5 Aprili

Bado. Nesi amebadilisha dawa ya sindano. Mwenye gesti ameleta uji, nimeunywa mimi. Shangazi anaongea na watu wasiokuwepo, anawapima. Mikono juu, anasema. Usibane tumbo, mama, mimi nakupima wewe ulivyo.

Jumapili, 6 Aprili

Homa imeshuka alfajiri. Shuka lote lilikuwa jasho. Ameomba chai, akalalamika haina sukari.

Nimemwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka mawili.

"Usiniombe msamaha nikiwa nimelala chali," amesema. "Nitakupa ili unyamaze tu."

Tumekaa. Mvua ilikuwa nyepesi, inaanguka kwenye bati kama mchele. Baadaye ameanza mwenyewe.

"Unadhani mimi sioni haya?"

"Wewe? Uliyewafunulia wapishi?"

"Nikisema mimi kwanza, watu hucheka pamoja na mimi. Nikinyamaza, hunusa, halafu huhama kiti. Nimejaribu kote kuwili, Sindano. Mke wa kaka yako alikuwa anafua shuka zangu kwa fimbo, asiziguse. Nilikuwa nasikia nikiwa chumbani. Nikaona bora niwe mcheshi." Akanywa funda la chai. "Kuchekesha watu kutwa nzima na tumbo lina shimo ni kazi. Jioni ulikuwa ukinikuta nimelala mapema, ukadhani ni dawa."

Ni kweli. Nilidhani ni dawa.

"Wewe sikuwa na haja ya kukuchekesha," amesema. "Nilidhani."

Safari nzima nilikuwa nikimwona mtu asiyejua aibu ni nini, nikamwonea haya kwa niaba yake. Kumbe ilikuwepo, yote, na yeye ndiye aliyekuwa akiibeba. Mimi nilikuja kuiongezea uzito tu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumesharudi gesti. Bosi amepiga simu. Hoteli imeongeza wafanyakazi, meneja anataka nirudi kupima, kuna njia ya kuzunguka milimani.

"Siwezi," nimesema. "Namuuguza shangazi yangu. Ana kidonda cha upasuaji kinachotoa usaha, na kila siku kinasafishwa mara mbili. Ninasafisha mimi."

Akasema atamtuma mtu mwingine, na mteja yule atabaki kuwa wa huyo mtu mwingine. Nikasema sawa. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia uso unawaka, maana nilikuwa nimeongea kwa sauti na mwenye gesti alikuwa mlangoni na sinia.

"Mara mbili kwa siku?" akaniuliza. "Basi kesho niamshe nichemshe maji."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Kidonda kizuri.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari amevuka kwa mtumbwi. Amechungulia, ameingiza kijiti, amesema nyama ni nyekundu, safi, inatoka damu inavyotakiwa. Nesi alijifanya hasikii, lakini nimemwona akifuta miwani yake kwa furaha.

"Kitafunga lini?" nikauliza.

"Kitafunga," amesema daktari. "Lini, kiulizeni chenyewe."

Jumamosi, 26 Aprili

Daraja la muda limewekwa, mvua zinakatika. Tumeondoka.

Asubuhi nimemsafisha kidonda dirishani, kwenye mwanga. Ni kitu cha ajabu ukikitazama sawasawa. Kingo zimeanza kuingia ndani, kama pindo mtu analolivuta kwa uzi polepole. Nilikuwa namwonyesha kwa kioo, nikitegemea kichekesho.

"Ondoa," amesema. "Sitaki kukiona. Mikono yako ya baridi. Unabonyeza kama unakanda unga. Kinauma, tangu mwaka jana kinauma, na nimechoka nacho, nimechoka na magesti, nimechoka na wewe na tochi yako."

Halafu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipozikwa mama yangu. Sikumwambia anyamaze. Nimemaliza kujaza gozi, nikabandika plasta, nikamvalisha blauzi safi, na machozi yalikuwa bado yanatoka.

Mwenye gesti ametusindikiza hadi kituoni na ndala zake. Shangazi alimpa mkono bila tabasamu, kama mtu anayeagana na ndugu.

Ndani ya basi amekaa kando yangu, upande wa dirisha. Bwana wa kiti cha pili alitusalimu, akakunjua gazeti. Shangazi aliitikia salamu na hakusema neno jingine. Hakuna habari za mpangaji. Baada ya muda bwana yule akainua pua, akatazama chini ya kiti, akatutazama sisi, akakunja gazeti lake akaenda kukaa mbele.

Uso ukaniwaka kama kawaida. Nimeuacha uwake. Shangazi amenilalia begani, mzito, mdomo wazi, anakoroma. Leo hamchekeshi mtu.